Gita la Marehemu Mwalimu na Kiswahili cha Karakana

Katika mkutano wa walimu wa Kiswahili uliofanyika hapa Bujumbura mwanzoni mwa mwaka huu, mwenzetu mmoja alisimama akatoa hoja ambayo wengi waliipigia makofi. Alisema kwamba Kiswahili cha Burundi kina maradhi, na chanzo cha maradhi hayo ni kulelewa na mafundi, madereva na wachuuzi. Kazi ya mwalimu, kwa maoni yake, ni kumtoa mwanafunzi katika lugha ya karakana na kumtia katika lugha ya kitabu. Akamalizia kwa kusema kwamba katika mambo ya ufundi yafaa tuwe wakweli: Kiswahili hakina maneno, basi na tuendelee kutumia Kifaransa hadi hapo wakubwa watakapotuletea istilahi.

Sisi hatukupiga makofi, lakini pia hatukusimama kumpinga, maana siku ile tulikuwa hatujapata ushahidi tulio nao sasa. Leo twaomba nafasi katika kurasa hizi tumjibu. Asishangae msomaji iwapo jibu letu litapitia katika gita bovu.

Gita lenyewe lilikuwa la marehemu mwalimu wetu, aliyetufundisha Kiswahili jioni sebuleni kwake, Kanyosha, tulipokuwa vijana. Alilinunua kabla ya uhuru wa mwaka 1962, mji huu ulipokuwa ukiitwa Usumbura, naye alikuwa angali kijana wa shule. Karatasi iliyobandikwa ndani, ambayo ingetuambia lilitengenezwa wapi, imeliwa na mende zamani. Marehemu alilipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, kama walivyopiga watu wa Katanga, kwa kuwa alijifunza kwa kusikiliza sahani za santuri za Jean Bosco Mwenda, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Kila ngeli ilikuwa na kijiwimbo chake. Mpaka leo tukisahihisha daftari za wanafunzi, na mtoto akakosea upatanisho wa U- na ZI-, twasikia nyuzi zile kichwani kabla hatujashika kalamu nyekundu.

Vita vilipoanza mwaka 1993, na watu wa Kanyosha wakawa wa kukimbia na kurudi, gita lilifichwa darini, limevingirishwa katika blanketi. Lilitoka salama. Marehemu alipofariki, jamaa zake walitukabidhi sisi. Twasema haya ili ieleweke kwamba hatuzungumzii kitu cha thamani ya fedha. Dukani gita jipya lapatikana, tena linang'aa kuliko hili.

Sasa tuingie katika aibu yetu.

Nyuzi za gita hili zilikuwa za nailoni tangu asili. Zilipochakaa tulilipeleka kwa mtengenezaji mmoja mjini, ambaye hatutamtaja, kwa kuwa kosa lilikuwa letu zaidi kuliko lake. Nailoni hakuwa nazo, akatufungia nyuzi za chuma. Alituuliza jambo kwa Kifaransa, tukatikisa kichwa kukubali. Tulirudi nyumbani tumefurahi, maana sauti ilikuwa kubwa. Baada ya miezi michache kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi upande wa chini kikaanza kung'oka, na uso wa gita ukatuna kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Ulipofika mwezi Julai, ukavu wa kiangazi ukamaliza kazi: ufa ukapita kutoka chini hadi karibu na tundu la katikati.

Tukalirudisha kule kule. Tukaelezwa tena, kwa maneno ya kitaalamu, mambo matatu yatakayofanywa, na tena tukatikisa kichwa. Msomaji, fikiri: mtu aliyekaa darasani miaka karibu ishirini akifundisha lugha, mwenye stashahada ya ualimu, anatikisa kichwa kwa maneno asiyoyafahamu kwa kuona haya kuuliza! Tulipokwenda kulichukua tulikuta kile kipande kimebandikwa kwa gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili ambayo ikishakauka huwa kama jiwe. Juu yake zilikuwa zimepigwa parafujo mbili. Ufa ulijazwa gundi hiyo hiyo, kisha uso wote ukapakwa rangi ya mafuta ili aibu isionekane. Sauti ikawa ya debe.

Hivyo ndivyo lilivyofika Kanyosha kwa mara ya pili maishani mwake. Kwa wasomaji wa mbali, Kanyosha ni sehemu ya kusini ya Bujumbura, yenye jina moja na mto ushukao kutoka milimani hadi Ziwa Tanganyika. Humo yumo seremala mmoja, mzaliwa wa Uvira ng'ambo ya ziwa, ambaye kazi yake ya kila siku ni vitanda, milango na viti vya kanisani. Kwaya ndizo zilizomwingiza katika magita. Kila kwaya ina gita, na kila gita huanguka siku moja.

Alilipokea bila kusema neno. Akaligonga kwa kifundo cha kidole mahali pengi, sikio karibu, kama daktari apimavyo mgonjwa wa pafu. Kisha akasema, “Mwalimu, hii gita haikuvunjika. Imefungwa mdomo.” Akatuuliza ni nani aliyeipaka rangi kifua.

Kifua! Ndilo neno alilolitumia kwa ule ubao wa mbele, nasi papo hapo tukafahamu alichotaka kusema, kwa sababu kifua ndicho kitoacho sauti. Ubao wa nyuma aliuita mgongo. Mbao nyembamba zilizopindwa pembeni aliziita mbavu. Kulikuwa na shingo, na masikio, yaani vile visokotwavyo ili kukaza na kulegeza uzi. Kile kijiti cheupe kinachoinua nyuzi juu ya shingo alikiita mfupa, kwa kuwa ni mfupa hasa, wa ng'ombe. Zile fito nyembamba zilizobandikwa ndani, chini ya kifua, zisizoonekana ila kwa kuingiza kioo kidogo na tochi, aliziita mataruma, kama mataruma ya jahazi. Hili la mwisho lilituduwaza. Hatukutarajia kusikia neno la waunda vyombo wa pwani katika kibanda cha seremala wa Kanyosha.

Akatufundisha kosa letu kwa lugha tuliyoielewa. Nyuzi 6 za nailoni zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma za kawaida huzidi 70. Kifua kilichochongwa kwa mzigo wa kwanza hakiwezi kuchukua wa pili, kama vile punda hawezi kuchukua mzigo wa lori. Hilo ndilo tuliloulizwa mjini kwa Kifaransa, nasi tukakubali! Tungaliulizwa, “Mwalimu, kifua cha gita hili kitavumilia chuma?”, tungalijibu, “Ngoja kwanza.”

Kuhusu ufa alisema kwamba ubao hupungua upana wake hewa inapokauka, na hurudi hewa inapopata unyevu. Jambo hili halikuwa geni kwa waundaji wa magita. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilibandika ndani ya magita yake yaitwayo Gallotone Champion ahadi kwamba hayatapasuka, na moja la magita hayo lilifika Uingereza likawa gita la kwanza la kijana John Lennon mwaka 1957. Mtu haahidi kitu kama hicho isipokuwa anajua kwamba hewa ni adui. Seremala wetu hakuahidi chochote. Aliliweka gita katika sanduku lililofungwa, pamoja na kitambaa chenye unyevu kilichowekwa mbali na mbao, akatuambia turudi baada ya siku kumi. Tuliporudi ufa ulikuwa umekaribia kujifunga wenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa kuitoa ile gundi. Mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo ina hisani moja kubwa: ukiipa joto na maji kidogo inalegea, na fundi wa kesho aweza kufungua alichofunga fundi wa jana. Gundi ya mirija miwili haina adabu hiyo. Alipasha moto kisu chembamba juu ya makaa, akakipenyeza taratibu, akakitoa, akakipasha tena. Alasiri mbili zilikwenda kwa kipande kisichozidi upana wa kiganja. Kilipotoka kiliondoka na nyama ya kifua, naye akalazimika kutia kiraka kwa mbao aliyoichuna katika gita jingine lililokufa. Matundu ya parafujo aliyaziba kwa vijiti vya mti mgumu. Chini ya ufa alibandika vibanzi vidogo vinavyokata mkondo wa mbao ili usifunguke tena. Kwa kuwa jiliwa haliwezi kuingia ndani ya gita, alikaza kwa kabari na kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mfupa mpya aliuchemsha kwanza kuondoa mafuta, akaukata kwa msumeno wa chuma, akauchonga kwa tupa na kuulainisha kwa msasa.

Rangi ya mafuta aliikwangua kwa wembe, wala hakutumia randa. Tulimwuliza kwa nini asipige randa mara moja tukamaliza. Akatutazama kwa huruma. “Mwalimu, randa itakula kifua chenyewe. Nikikupunguzia kifua chako, utaimba?” Chini ya rangi ikatokea vanishi ya zamani, yenye rangi ya chai. Mahali pa kidole gumba cha marehemu, nyuma ya shingo, vanishi ilikuwa imekwisha na mbao imekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Hapo hakupagusa.

Sasa tumrudie mwenzetu wa mkutanoni.

Siku zote za kazi ile tulikuwa na daftari, na tuliandika humo maneno 37. Tulipofika nyumbani tulifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, kitabu kilichomo kabatini mwa kila mwalimu na ambacho twakitumia zaidi kwa kuwagombeza watoto. Randa imo. Patasi imo. Tupa, msasa, jiliwa, keekee, kabari, parafujo, gundi, yote yamo! Yale tunayoambiwa kuwa ni maneno machafu ya karakana yamesanifiwa na wataalamu wa Dar es Salaam tangu miaka zaidi ya arobaini iliyopita. Basi aliye nje ya Kiswahili sanifu ni nani: seremala ayatumiaye kila asubuhi, au mwalimu asiyeyajua? Na mwenye kungoja istilahi yuangoja nini, ikiwa zimeshafika, zimekaa kabatini, na vumbi limezifunika?

Atasema: haya ni maneno ya useremala, maneno ya gita hayamo. Ni kweli, kifua cha gita hakimo katika kamusi, na mataruma yamo kwa maana ya chombo. Lakini na tuulize, wenzetu wa Ulaya waliyapata wapi yao? Kile kipande kishikacho nyuzi, Wafaransa hukiita kwa neno lenye maana ya farasi mdogo, na Waingereza hukiita daraja. Hakuna kamati iliyokaa kuamua kama ni farasi au daraja. Alikuwapo fundi aliyetazama akaona farasi, na mwingine akaona daraja. Fundi wa Kanyosha ametazama akaona mwili wa mtu na mbavu za jahazi. Kwa nini jicho la huyu liwe ujinga, na jicho la yule liwe elimu?

Atasema pia kwamba gita ni la Wazungu, basi na lizungumzwe kwa lugha yao. Jina lenyewe lilifika Hispania kwa njia ya Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani. Likashuka hadi kwetu likawa gita. Katanga liliimbiwa Kiswahili, na miji ya Kenya vilevile; Fundi Konde wa pwani ya Kenya, ambaye twampenda hata kwa jina lake, alilipigia nyimbo za Kiswahili tangu miaka ya 1940. Pwani kulikuwa na udi kabla ya gita, na hapa kwetu inanga, ambayo ni mbao iliyochongwa kama hori na kufungwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi. Mtu wa nchi hii hakufundishwa na meli yoyote kwamba uzi uliokazwa juu ya mbao huimba. Hata vanishi, ambayo mwenzetu bila shaka ataihesabu kuwa kitu cha kigeni, katika karne ya 19 ilipikwa kwa sandarusi iliyochimbwa katika Mrima na kupakiwa Unguja kwenda Salem huko Marekani. Sisi tuliwauzia malighafi, kisha tukasahau.

Hoja yake moja tunaikubali. Kiswahili cha fundi wetu kina makosa ya sarufi. Husema “hii gita” na “nyuzi mingi”, na darasani tungemsahihisha. Siku ya kwanza tulitabasamu aliposema hivyo, naye aliona. Hakukasirika. Baadaye kidogo alitutolea kijiti kutoka ndani ya gita akauliza, “Nyinyi walimu, hii mnaiita nani?” Tulikuwa watu wawili wenye vyeti, tukatazamana. Kijiti kile ndicho taruma.

Mwanafunzi wetu wa leo yuko katika hali ile ile. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, watu wamekuwa wakituambia kwamba Kiswahili ni ufunguo wa kazi na biashara, na kweli kimepewa nafasi katika shule za msingi. Lakini mtoto anayetoka mikononi mwetu aweza kukutajia ngeli zote kwa mpangilio na kukukariria methali arobaini, kisha baiskeli yake ikikatika mnyororo humwonyesha fundi kwa kidole na kusema “kile kitu”. Akipelekwa Kigoma au Dar es Salaam kutafuta kazi, ataulizwa kama ajua kushika patasi, naye atadhani ni jina la mtu. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, twavaa vizuri na kusoma hotuba kuhusu ukuu wa lugha hii. Hatujapata kuona fundi hata mmoja akialikwa kusema.

Tuseme wazi jambo ambalo mkutanoni lilinong'onwa tu. Dharau hii haikuanza na sarufi. Katika mji huu Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya Buyenzi, mtaa ambao Wabelgiji waliwatengea Waswahili, na ambao hata leo ndio makao ya makanika na wafua vyuma. Mwenye cheo alisema Kifaransa, na mwenye mafuta mikononi alisema Kiswahili. Sisi walimu tumekipokea Kiswahili shuleni, lakini tumetaka kije bila wenyewe, kimenawishwa mikono, kikae vizuri kitini. Ndiyo maana twaona haya kujifunza kwa fundi, na ndiyo maana tulitikisa kichwa mjini hata gita la mwalimu wetu likapigwa parafujo kifuani. Angalikuwa hai, marehemu angalituuliza swali moja tu: kwa nini hamkuuliza?

Hatusemi kwamba karakana ichukue nafasi ya kitabu. Twaomba alasiri moja katika muhula. Mwalimu awachukue wanafunzi wake kwa seremala, au kwa mshona viatu, au kwa mtengeneza redio, wakae kimya, waandike wanayoyasikia. Wakirudi darasani wayatafute katika kamusi, na yasiyomo yatumwe kwa wahariri wa jarida hili yajadiliwe. Mtihani hauulizi maneno hayo, twajua. Mtihani hutungwa na walimu.

Gita limerudi nyumbani tangu mwezi Mei, lina nyuzi za nailoni alizotuletea msafiri kutoka Dar es Salaam. Sauti si ile ya zamani kabisa. Uzi wa nne una ukakasi kidogo, na fundi asema ni kile kiraka, kitazoea. Ametuonya tulirejeshe kabla ya mvua za kwanza aukague ufa. Shule zikifunguliwa mwezi Septemba tutalipeleka Jumatano alasiri, pamoja na darasa zima, naye ameshakubali kulifungua nyuzi mbele ya watoto na kuwaonyesha mataruma kwa kioo. Mwenzetu wa mkutanoni amealikwa. Benchi lipo, seremala amelitengeneza mwenyewe. Yeye aje na daftari.